Vidole vya Dada Picha

Jumatatu asubuhi, kabla chai ya wauguzi haijapoa, mwanamke wa chumba cha eksirei, ambaye wagonjwa wote humwita Dada Picha, alipiga magoti nyuma ya meza, akautoa waya wa skrini kwenye vumbi, akaupuliza kichwa na kujaribu kuuchomeka kwenye kompyuta mpya. Haukuingia. Akaugeuza. Haukuingia. Kichwa cha waya kilikuwa kile kipana cha zamani, chenye vijino vilivyojipanga safu tatu na skrubu mbili ubavuni, ambacho mafundi hukiita VGA. Kompyuta mpya ilikuwa na tundu moja tu la picha, lile bapa lililokatwa pembe za chini, la HDMI, ambalo siku hizi hata watoto wanalijua kwa sababu ya televisheni. Hapo hata ungepaka mafuta, vitu hivyo viwili haviingiani.

Sasa lazima isemwe jinsi vifaa vinavyopokelewa katika hospitali ile, maana mtu asije akadhani ilikuwa bahati mbaya. Bahati mbaya gani! Katika hospitali ile kupokea ni kuhesabu maboksi. Kamati ya mapokezi hushuka imevaa suti, maboksi hupangwa uani, afisa manunuzi huyagonga moja moja kwa kalamu, wajumbe huitikia, hupigwa picha ya pamoja, hunywewa soda, basi. Kufungua boksi ni mwiko, kwa sababu boksi lililofunguliwa haliwezi tena kuitwa jipya. Ndivyo ilivyopokelewa mashine mpya ya eksirei. Lilipokuja kufunguliwa boksi la skrini, ndani mlikuwa na skrini kuukuu yenye duara la kikombe cha chai cha mtu asiyejulikana, na kamati nzima ilikuwa imeshasaini kwamba ni mpya kutoka kiwandani. Watu wazima, wenye miwani, wamesaini.

Kitandani alikuwa amelala mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Mguu wake ulikuwa umeshapigwa picha, na picha ilikuwa imekwama ndani ya kompyuta. Mashine ile ilikuwa na tabia yake: isipoiona skrini kwa muda kidogo, huifuta picha na kudai mgonjwa apigwe upya. Dada Picha hakutaka kumpiga mtu mionzi mara mbili kwa sababu ya uzembe wa wenye suti. Akakishika kichwa cha waya kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia akapapasa mgongo wa kompyuta, aone kama hakuna tundu jingine lililojificha. Kidole kikaingia kwenye tundu bapa. Skrini ikawaka.

"Si ndiyo hiyo picha?" aliuliza mwashi.

"Ndiyo hiyo."

"Umevunjika?"

"Pawili."

"Nilijua tu," alisema mwashi, akaomba maji ya kunywa.

Daktari wa mifupa akaingia, akatazama skrini, kisha akatazama mikono. Ncha za vidole vya kushoto zilikuwa zimetoboka vitundu vidogo vya safu tatu, na vijino vya waya vimezama humo sawasawa. Kidole cha shahada cha kulia kilikuwa bapa, cha chuma chenye rangi ya dhahabu, kimekatwa pembe za chini. Daktari akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Safi," alisema. "Mlete anayefuata."

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda. Dada Picha alimlaza mgonjwa, akamweka vizuri, akarudi nyuma ya ukuta wenye kioo kizito, akashika huku na huku, na picha ikapita ndani yake kutoka kompyuta hadi skrini. Ilipita na ubaridi wake. Nyonga ilimpita nyongani, mbavu zilimpita mbavuni, na akikohoa mchana wa siku yenye wagonjwa wengi wa kifua, alijua kikohozi kile si chake. Walipouliza wenzake anajisikiaje, alisema anajisikia kama mtu aliyepitiwa. Wenzake walisema pole, wakarudi kwenye kazi zao, maana kila idara ilikuwa na lake.

Nyumbani mumewe, ambaye ni seremala, alilipokea jambo lile kama mvua ya msimu. Jioni ya kwanza Dada Picha aliegemea televisheni akitafuta kiberiti, na katikati ya taarifa ya habari ukatokea mguu wa mwashi, mweupe, umevunjika pawili.

"Mama Kipusa, sogea kidogo," alisema seremala. "Mguu wa watu umemziba waziri."

"Heri mguu," alijibu mkewe, wakacheka.

Lakini kuna jambo halikuwa la kucheka. Binti yao Kipusa, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule, alizoea kusukwa na mama yake kila Jumapili, kichwa kikiwa mapajani, akipiga domo mpaka usingizi umchukue. Jumapili ile Dada Picha aliugusa utosi wa mwanawe asisikie kitu. Si nywele, si joto, si mafuta. Ni kama aliyekuwa anapapasa meza. Vidole vile vilisikia umeme tu. Kwa mtoto vilikuwa vimekufa. Akajaribu kusuka kwa macho, akamvuta mtoto nywele mpaka akalia. Seremala akapokea kitana. Alimsuka bintiye mistari iliyonyooka kabisa, kama mbao za dari, na Kipusa akaenda shuleni akiwaambia wenzake kwamba amepigwa randa.

Jioni ya Jumapili hiyohiyo, baada ya kupumzika tangu Ijumaa, Dada Picha alisikia mwasho kwenye vidole. Alipotazama chini ya taa, aliona ngozi changa imeanza kuota kwenye ukingo wa chuma, laini, ya rangi ya uji. Akaipapasia shavuni na ikasikia shavu. Hapo akaelewa kwamba mkono unarudi ukiachwa. Jumatatu saa tatu asubuhi ngozi ile ilikuwa imeshachunika yote.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la hospitali, kuna kibanda cha vifaa vya simu na kompyuta, na mwenye kibanda ni mama mnene mwenye sauti ya mnada, aitwaye Shangazi Chaja. Dada Picha alimwendea wakati wa chakula cha mchana, akamwekea mikono kaunta. Shangazi akavaa miwani, akavigeuza vidole kama anayechagua nyanya.

"Mwanangu, umekuwa mkalimani," alisema. "Tena bila mshahara wa mkalimani. Tazama hapa." Akaanza kushusha waya kutoka kwenye misumari. "Huu mraba wenye mabega ya mviringo ni USB ya printa. Huu bapa ni USB ya kawaida, ule ambao kila mtu huukosea mara ya kwanza akaugeuza, akaurudisha vilevile ukaingia. Huu mdogo kama punje, juu na chini sawa, ndio wa vitu vipya. Huu hauna ubishi. Huu wenye kiulimi cha plastiki kinacholia ta! ni wa mtandao. Kiulimi kikikatika unachomoka kila fagio likipita, na watu wanailaumu kampuni. Sasa hawa wako wawili. Mpana huyu anabeba picha peke yake, kwa mtindo wa zamani, kama wimbi. Bapa huyu anabeba picha na sauti, kwa tarakimu. Mtu akikuuzia waya mtupu, kichwa hiki huku na kile kule, amekuibia. Hawa hawaelewani lugha, katikati lazima akae wa kutafsiri."

Akafungua droo, akatoa kitu kidogo cheusi chenye mkia mfupi, upande mmoja bapa na upande mwingine mpana.

"Adapta," alisema. "Bei yake haifiki hata ya zile soda walizokunywa siku ya maboksi. Hospitali yote ile imekosa hii?"

"Imo kwenye bajeti ya mwaka ujao."

"Mwaka ujao!" Shangazi Chaja akapiga kofi kaunta hadi chaja zikatikisika. "Kwani mifupa ya watu inavunjika kwa bajeti?"

Dada Picha akainunua kwa pesa zake. Akarudi, akachomeka huku, akachomeka kule, akakaza skrubu mbili za ubavuni, akakaa pembeni mikono mapajani. Picha ikaja, nzuri, tulivu, haipiti kwa mtu. Mchana ule aliwashika wagonjwa begani alipowalaza. Bibi mmoja aliyeteguka kiuno alimwambia, "Leo mkono wako una huruma." Jioni alipofika nyumbani ngozi ilikuwa imefunika nusu ya kidole, na Kipusa alipomparamia mgongoni Dada Picha alisikia vidole vyake mwenyewe vikilishika paja la mtoto. Alilia, na hakuona sababu ya kujificha.

Keshoye afisa manunuzi akaja. Ilikuwa imemfikia habari kwamba mfanyakazi wa eksirei ameonekana amekaa mikono mitupu saa za kazi. Akainama nyuma ya meza, akaiona adapta, akaivuta.

"Hii imetoka wapi?"

"Nimenunua."

"Kwa zabuni gani?"

"Kwa miguu. Ni hapo ng'ambo."

Afisa manunuzi hakucheka. Ni mtu asiyecheka kabla ya kuidhinishiwa. Alieleza kwamba kifaa kisicho na namba ya mali ya hospitali hakiruhusiwi kugusa kifaa chenye namba, kwamba garantii ya mashine ingekufa, na kwamba akirudia atafukuzwa kazi na ikibidi ashtakiwe kwa kuhujumu mitambo. Dada Picha akamwuliza je, vidole vyake navyo si havina namba vilevile? Afisa akakubali kwamba hoja hiyo ni ya msingi. Mchana akarudi na stika yenye namba, akaibandika kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Dada Picha, na nyingine kwenye wa kulia. Zilikuwa stika nzuri, hazitoki kwa maji.

Adapta nayo haikutupwa. Isije ikadhaniwa kwamba hospitali ile inatupa mali. Ilipelekwa ghorofa ya juu, kwenye ukumbi wa vikao, ambako kompyuta ya mkurugenzi ilikuwa mpya na skrini ya ukutani ilikuwa ya zamani, na ambako kwa miezi wajumbe walikuwa wakizungushiana karatasi. Ikabandikwa namba ndani ya dakika chache. Kwa hiyo utaratibu unawezekana, ukitakiwa! Kikao cha kwanza kilichotumia adapta hiyo kiliangalia taarifa iliyoitwa Mafanikio ya Kitengo cha Picha, na ndani yake mlikuwa na picha kubwa ya mikono ya Dada Picha, na wajumbe wakapiga makofi.

Dada Picha akapanda kwa mkurugenzi kuomba likizo. Mkurugenzi ni daktari mpole, mwenye desturi ya kumkaribisha mtu kiti kabla ya kumnyima.

"Naomba wiki mbili, mzee. Mkono urudi."

"Mwanangu, hakuna anayestahili kupumzika kama wewe," alisema mkurugenzi. "Lakini ukienda, wagonjwa je? Utawaachia nani yule bibi wa kiuno?"

"Nunueni adapta."

"Tutanunua. Ila unaona, hata hiyo likizo yenyewe ina utata." Akamwonyesha stika kwa ncha ya kalamu, bila kumgusa. "Ukishaingia kwenye orodha ya mitambo, utumishi hawakuoni tena. Mtambo hauna likizo. Mtambo una matengenezo. Na fungu la matengenezo limekwisha."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamshukuru kwa moyo wake wa kujitolea. Moyo wa kujitolea! Neno hilo hupewa mtu anapokuwa ameshanyang'anywa.

Shangazi Chaja alitaka kumpa adapta nyingine bure, lakini mlinzi wa geti alikuwa ameshaamriwa kupekua mkoba wa Dada Picha kila asubuhi. Mlinzi alipekua kwa aibu, akisema, "Nisamehe dada, nina watoto." Naye Dada Picha alijibu kwamba anajua, kwa sababu mtoto wa kati wa mlinzi huyo alipita mbavuni mwake mwezi uliopita, kifua chake ki safi. Mlinzi akashukuru sana, na akaendelea kupekua.

Siku zikaenda. Chuma kikapanda kutoka kwenye vidole hadi kwenye viganja. Jumapili haikutosha tena kurudisha kitu.

Kipusa akaanguka shuleni, Alhamisi, wakati wa mapumziko. Alikuwa amepanda juu ya ukuta wa choo kutazama barabarani, akateleza, akaangukia mkono. Mwalimu akampigia simu baba, seremala akaacha randa juu ya ubao, akamkimbiza mtoto hospitalini akiwa amembeba, vumbi la mbao limemjaa kichwani. Walikaa benchi kama wengine. Mlango ulipofunguliwa Dada Picha akaona viatu vya shule anavyovijua.

Alimlaza mwanawe kitandani, akamsogeza kwa viwiko, mkono uliovunjika ukiwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Seremala akavalishwa aproni nzito ya kukinga mionzi, akasimama upande wa kichwani.

"Mama, usiende," alisema Kipusa.

"Niko hapo nyuma ya kioo. Unaniona."

"Nishike wewe. Baba hashiki vizuri."

"Baba anashika vizuri sana, mwanangu. Tulia kidogo tu."

"Nishike wewe!"

Dada Picha akaenda nyuma ya kioo. Akashika waya kwa mkono wa kushoto, akaingiza kidole kwenye tundu kwa mkono wa kulia, akabonyeza kitufe kwa goti, kama alivyokuwa amejizoeza. Picha ikaanza kupita. Ilimpita mkononi, palepale, mfupa mdogo wa mtoto uliokatika kama kijiti kibichi, umechanika upande mmoja na kung'ang'ania upande wa pili, na safari hii haikuwa na ubaridi wowote. Iliwaka moto. Upande wa pili wa kioo Kipusa alikuwa analia kwa jina moja tu, na jina hilo lilikuwa la mama yake.

Daktari wa mifupa akaisogelea skrini. Akaitazama picha. Akainamisha kichwa, akaitazama upya. Simu yake ikalia, akapokea, akaongea habari za kiwanja.

"Daktari," alisema Dada Picha.

"Usiachie, bado natazama."

Angeachia, picha ingefutika, na mtoto angepigwa mionzi tena. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani. Kwa hiyo hakuachia. Alisimama, amenyoosha mikono huku na huku, machozi yanamtiririka na hana mkono wa kuyafutia, akamtazama mwanawe akimnyooshea mkono ulio mzima kwenye kioo. Seremala alikuwa anaimba wimbo wa kubembeleza, ameukosea maneno.

Daktari akakata simu. Akasema mfupa utaunga wenyewe, plasta inatosha. Ndipo akageuka, akaona.

"Kumbe mtoto ni wako? Ungesema!"

"Ningesema, mngeiteremsha adapta?"

Daktari akatazama dari, ambako viti vilikuwa vinasogezwa. Alikuwa mtu mkweli kwa namna yake.

"Leo isingewezekana," alisema. "Adapta ina kikao mpaka saa nane."

Dada Picha akachomoa kidole, akauweka waya chini, akazunguka kioo, akapiga magoti kando ya kitanda na kumnyooshea mwanawe mikono yote miwili. Kipusa alivitazama vile viganja, ile dhahabu, vile vitundu, zile stika. Hakuvishika. Akapeleka mkono wake mzima juu zaidi, akapapasa, mpaka karibu na kiwiko alipopata mahali ambapo mama yake alikuwa bado ni nyama, akapashika hapo kwa nguvu zake zote. Dada Picha akasikia vidole vitano vya moto. Akabaki amepiga magoti hivyohivyo, hathubutu kupumua, asije mtoto akaachia.

"Jamani, foleni," alisema mtu mlangoni, kwa upole.

Seremala akambeba mtoto kumpeleka kwenye plasta. Ilibidi avibandue vidole kimoja kimoja kutoka kwenye kiwiko. Dada Picha akajifuta uso begani, akamlaza dereva aliyeumia shingo, akarudi nyuma ya kioo, akashika huku na huku. Picha ilitoka safi kabisa.